Moyo wa Mwantum, Amelala na Amesimama

Jumatatu, 9 Desemba 1963

Daftari hili, kaye, ni amri ya Cirimwami, muforoma anayeuguza watu kwenye dispanseri, si mapenzi yangu. Anasema: Mama Shaabani, kila siku andika mutoto amekunywa nini, amekula nini, ameanguka mara ngapi, na moyo wake unapiga mara ngapi akilala na akisimama. Nikamwambia mi si karani. Akasema, lakini kuandika unajua. Hapo alinishika. Najua. Nilisoma miezi saba pale foye sosiali, shule ya akina mama, wakati mji huu bado unaitwa Usumbura, na nilitoka kwa sababu yule mama wa Kizungu aliacha herufi akaanza kutufundisha kuchemsha maharagwe. Mi, kufundishwa maharagwe! Nikachukua kalamu yangu nikarudi nyumbani.

Basi. Mutoto ni Mwantum, mujukuu wangu, binti wa Shaabani wangu. Ana miaka kumi na saba. Mama yake aliachana na Shaabani, akaolewa Kigoma, mi ndiye nimemulea tangu anatambaa. Mwezi wa kumi alishikwa na homa kali wiki tatu. Homa ikatoka, lakini haikumurudisha vile ilivyomuchukua. Akisimama anashika ukuta. Akingoja ndoo ijae kwenye robine, bomba la mtaa, uso unakuwa rangi ya majivu, kisha puu, chini. Ameanguka mara sita. Na ameposwa na Rachidi, mutoto wa Adija wa avenyu ya kumi na moja, ndoa ni baada ya Idi. Sasa kwenye robine wanasema, musichana aliyeposwa akianguka-anguka hivyo kuna kitu tumboni. Maneno haya yakimufikia Adija, posa imekwisha, na hapa Buyenzi hakuna mwingine atakayegonga mulango wetu. Sijui nani alianza.

Huyu Cirimwami ni Mushi wa Bukavu, Kongo, Mukristo, kijana bado, anaongea Kiswahili cha kwao.

“Roho yake inakimbia sana akisimama,” akaniambia.

“Inakimbia kwenda wapi? Roho ikitoka si mutu amekufa?”

“Apana, Mama. Moyo. Huu unaopiga.”

“Basi sema moyo. Roho ni ya Mungu, usiiguse.”

Akacheka. Mi sikucheka, maana wanawake kwenye mustari wa dispanseri walishasikia hiyo roho inayokimbia, na kabla ya alasiri ilikuwa jini. Asubuhi mimba, mchana jini. Watu hawana kazi.

Jumanne, 10 Desemba

Saa ya kuhesabia ni ya Shaabani, anaivua akienda garaji ili mafuta ya magari yasiingie. Kidole kwenye mukono wa mutoto, jicho kwenye mushale mwembamba. Nikipita hamsini hesabu zinanipotea. Nikarudia mara nne. Mwantum akacheka, nikamupiga kofi ya muguu. Ndipo nikaiona tasbihi yangu kwenye musumari. Shanga tisini na tisa, hizo hazipotei. Pigo moja, shanga moja, mpaka dakika moja iishe.

Amelala: shanga 74. Nikamusimamisha, tukangoja dakika tano. Tasbihi ilizunguka yote, ikaanza tena, nikafika shanga ya 27. Nikasema nimekosea. Nikarudia. 29. Na mutoto amesimama tu! Hajabeba kitu, hajapanda mulima, amesimama katikati ya nyumba kama kabati, na moyo unapiga kama wa mutu anayekimbizwa na mbwa.

Karibu miezi miwili nimekuwa nikimwambia ni uvivu.

Jumatano, 11 Desemba

Amelala 74. Amesimama 126. Joto, mawingu tu, hakuna mvua. Hajaanguka.

Ijumaa, 13 Desemba

Cirimwami ametupeleka kwa daktari Muzungu, hospitali kubwa. Tulingoja tangu asubuhi mpaka adhuhuri imenipita. Muzungu akamusikiliza kifua, mugongo, akachukua damu, akamulaza, akamusimamisha, akamuhesabu yeye mwenyewe. Akaomba na kaye yangu. Aliisoma, yaani Cirimwami akamusomea, akauliza huyu mama ana diploma gani. Nikasema mwambie nina wajukuu tisa.

Moyo si mugonjwa. Damu iko ya kutosha. Mimba hakuna. Nikasema, nilijua.

Njiani Cirimwami akanieleza. Damu ni maji, Mama, na maji yanashuka. Sisi tukisimama, mishipa ya miguu inajikaza, inaisukuma irudi juu. Ya Mwantum, tangu ile homa, imelegea, haijikazi kwa wakati. Damu inakaa miguuni, kichwa kinabaki kikavu. Moyo unaona kichwa kinakauka, unaanza kukimbia ili kukifikishia kidogo kilichopo. Ukishindwa, mutoto anaanguka, na akilala chini damu inarudi kichwani yenyewe.

“Kwa hiyo moyo hauna kosa,” nikasema.

“Hauna. Unafanya kazi ya watu wawili.”

“Na dawa?”

“Maji. Chumvi. Na kusimama kwa akili.”

Nimekwenda hospitali kubwa siku nzima kuambiwa chumvi na maji! Nimenyamaza kwa sababu alinibebea kikapu.

Jumatatu, 16 Desemba

Ninaandika masharti ili Shaabani asiseme sikumwambia. Kabla ya adhuhuri Mwantum anywe chupa tatu za maji, na jioni nyingine. Chupa kubwa nilizopata ni za Primus, za bia. Nimezisafisha mara saba na majivu, na anayetaka kusema aseme. Samaki ndagala wenye chumvi kila siku. Kula kidogo-kidogo, si sahani moja kubwa. Asiogee maji ya moto. Miguu ifungwe bandi, vile vitambaa vya hospitali, kuanzia kifundo mpaka paja. Akiwa amelala apige miguu hewani kama anaendesha baiskeli, mara ishirini, kisha thelathini. Kitanda kiwekewe matofali upande wa kichwa; sasa kimekaa kama lori lililopasuka tairi za nyuma.

Na kuamka: asiruke. Kwanza akae. Ateremshe miguu. Akaze mashavu ya miguu, alegeze, akaze, mara kumi na tano. Ndipo asimame, na akiwa amesimama asisimame kama musumari, awe anahamisha uzito, muguu huu, muguu ule.

Ameanguka mara moja, kabla ya bandi.

Jumapili, 22 Desemba

Leo nimefanya ujinga. Nauandika.

Adija alikuja bila kutuma habari. Adija ni mwanamke mukubwa wa mwili na wa sauti, mume wake alikuwa na duka, akafa, duka akalishika yeye. Kuingia tu, macho yanatafuta mukamwana. Mwantum alikuwa amelala. Kusikia sauti akaanza masharti: akakaa, akateremsha miguu, akawa anakaza miguu, midomo inahesabu. Adija amesimama mulangoni anangoja kusalimiwa na mutoto anayemutazama amekaa.

“Huyu anasali au ananisalimu?” Adija akauliza.

Mi nikaona aibu. Mukwe amesimama, mutoto amekaa, ndani ya nyumba yangu! Nikapayuka: “We Mwantum! Simama haraka!”

Akasimama haraka. Akaja, akapiga goti, akasalimu kwa adabu, akainuka, akaenda jikoni kuleta chai kama alivyofundishwa. Alileta. Mukono mmoja sahani, mukono mmoja ukuta. Adija akanywa, akatazama ule mukono wa ukutani muda murefu, akamutazama tumbo, akaaga.

Alipovuka tu kizingiti, mutoto akaanguka kwenye vikombe. Kidole kimekatika kidogo. Nikamuosha. Hakulia, hakunilaumu. Shanga: tasbihi nzima na 46. Na mi ndiye niliyesema simama.

Jumatano, 25 Desemba

Noeli ya Wakristo. Mvua tangu alfajiri, baridi nzuri. Amelala 72, amesimama 109. Mvua inamufaa kuliko hospitali.

Jumanne, 31 Desemba

Mvua. 70. 106. Chupa nne.

Alhamisi, 2 Januari 1964

Jua kali. 124. Jua ni adui.

Alhamisi, 9 Januari

Leo amesimama dakika tano na tasbihi haikwisha! Shanga 97, zimebaki mbili. Nikapiga kigelegele, jirani wakachungulia. Mwantum ameosha vyombo vyote, nusu amekaa nusu amesimama, na ameimba. Nilikuwa nimesahau kwamba anaimba vibaya.

Jumanne, 14 Januari

Ramadhani inakaribia. Nilikwenda kwa Mwalimu Mohamadi wa chuo cha Kurani. Nikamueleza miguu, damu, chupa, chumvi, shanga. Alisikiliza mpaka akachoka.

“Mama Shaabani, umekuja kuuliza au kunisomesha?”

“Nimekuja kuuliza. Afunge?”

“Mugonjwa hafungi. Na huyu maji ndiyo dawa yake. Akipona atalipa siku zake, asipopona mutalisha maskini.”

“Na watu wakisema?”

“Mwenye kusema aje kwangu.”

Nikamuuliza pia juu ya tasbihi, kama ni dhambi kuhesabia moyo. Akasema hajawahi kuulizwa swali hilo, akaomba nimuonyeshe. Nikamuhesabu na yeye: amekaa 81. Anaogopa kufa, niliona.

Nimemwambia Mwantum: hufungi. Akasema, ndiyo Bibi.

Alhamisi, 16 Januari

Tumeanza mufungo. Mutoto chupa tatu, zote zimekwisha. Amelala 76, amesimama 112.

Ijumaa, 17 Januari

Chupa tatu. 78. 119.

Jumapili, 19 Januari

Joto. Chupa tatu. 84. 131. Nasema ni joto.

Jumatatu, 20 Januari

Mvua kubwa, baridi, na bado 133. Chupa tatu. Sielewi.

Jumatano, 22 Januari

Nimepeleka kaye dispanseri. Cirimwami akasoma, akarudia, akakuna kichwa.

“Mama, kaye hii inasema uongo.”

Wallahi nilitaka kumupiga nayo. “Kaye yangu haisemi uongo! We ndiye hujui kusoma!”

“Usikasirike. Tazama mwenyewe. Mutoto anayekunywa chupa tatu, na mvua inanyesha, moyo ungepaswa kushuka. Huu unapanda kila siku. Chupa na moyo havisemi neno moja. Mi nauamini moyo.”

Nilirudi nyumbani nikimutukana njia nzima.

Alhamisi, 23 Januari

Nitaandika yote.

Asubuhi nilikwenda nyuma ya nyumba kumwaga majivu. Chini ya mupapai udongo ni tope, na tangu jana hakuna mvua. Mupapai umenawiri kuliko miti yote ya parseli yetu. Nikasimama pale kama mujinga nikitazama majani. Kisha nikaelewa, nikatupa sahani ya majivu, nikapiga kelele: “Mwantum!”

Hakuwa nyumbani. Alikuwa amechukua ndoo akaenda robine. Yeye, ambaye nilimukataza robine! Nikatoka bila kanga ya kichwa. Nikaona mustari wa wanawake, nikamuona yeye wa nne, amesimama wima kabisa, kidevu juu, kama anapigwa picha. Alikuwa anajionyesha. Anataka wamuone amefunga, amesimama, amebeba maji kama wenzake. Nikamwita. Akageuka kunitazama, na miguu ikamuacha. Kichwa kikagonga saruji ya robine.

Damu ya kichwa ni nyingi. Wanawake wakarudi nyuma. Mumoja akasema, jini. Mwingine akasema, kwani hufahamu, ni lile tumbo. Mi nimekaa kwenye maji machafu na kichwa cha mutoto wangu mapajani, nikanyanyua miguu yake nikaiegemeza juu ya ndoo, vile Cirimwami alinionyesha. Akafungua macho. Nikamupa maji ya robine kwa kiganja. Akafunga midomo.

“Kunywa!”

“Nimefunga, Bibi.”

“Kunywa nimekwambia!”

“Wananitazama.”

Ndiyo hilo. Cirimwami alipomushona, nyuzi nne, Mwantum aliniambia yote, sauti ndogo. Siku nane hajanywa tone mchana. Alikuwa anamwaga chupa chini ya mupapai nikienda sokoni. Kwa nini? Kwa sababu mwanamke asiyefunga siku sita, saba, wenzake wanajua ni siku zake, wanafumba macho. Asiyefunga mwezi mzima, wanahesabu mengine. “Bibi, wakiniona nakunywa maji mchana kila siku, watasema ndiyo kweli ana mimba. Na mama mukwe atasikia.”

 Nikamushikia chupa. Amekunywa mbili mbele ya macho yangu.

Jumamosi, 25 Januari

Adija ametuma mutu. Hakusema posa imekufa. Amesema “tungoje kwanza”. Kila mutu anajua maana ya tungoje kwanza.

Mwantum alisikia kutoka chumbani. Akageukia ukuta. Chupa nne amekunywa bila kugomba, sasa hana sababu ya kuzimwaga.

Jumapili, 26 Januari

Cirimwami alisema kaye hii ina uongo. Ana haki, na uongo si wa chupa peke yake. Siku ya kwanza niliandika: sijui nani alianza. Najua. Ni mi.

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, kwenye robine. Mutoto alikuwa ameanguka siku hiyo mara ya tatu, ndoo yangu mpya ikapasuka. Nilikuwa na hasira ya ndoo. Mwanamke mumoja akaniuliza, Mwantum ana nini? Nikamujibu: “Nitajuaje? Kama si uvivu basi ni mimba.” Nilisema hivyo, kwa sauti yangu hii ambayo inasikika mpaka Kigobe. Nikachukua maji nikaondoka. Nilisahau. Wao hawakusahau. Kinywa cha bibi yake kimesema, wanataka ushahidi gani mwingine?

Kesho nakwenda kwa Adija. Mchana, wakati watu wote wamejaa pale.

Jumatatu, 27 Januari

Tulikwenda polepole, mutoto bandi miguuni, mi na chupa ya Primus kwapani katikati ya Ramadhani. Wapita njia wametazama mpaka wamechoka.

Uani kwa Adija kulikuwa na dada zake na majirani, wanakaanga maandazi ya futari. Wote wakageuka. Nikamuweka Mwantum kwenye mukeka. Nikamupa chupa. “Kunywa.” Akanitazama. “Kunywa, mbele yao.” Akanywa.

“Mama Shaabani, umekuja kunitukania nyumba?” Adija akauliza.

“Nimekuja kujitukana mi. Yale maneno ya mimba yalitoka kinywani mwangu. Mi ndiye niliyeyasema kwenye robine kwa sababu ya ndoo, na yalikuwa uongo. Daktari amemupima. Mutoto ni safi. Ni mugonjwa wa kusimama.”

“Ugonjwa wa kusimama!” dada yake mumoja akaangua kicheko. “Mi huo ninao tangu niolewe!”

Wakacheka wote. Hata mi kidogo ningecheka. Adija hakucheka.

“Ugonjwa gani huo hauna homa, hauna kidonda?”

“Lete tasbihi yako,” nikamwambia. “Usiniamini mi. Mi ni muongo, nimeshasema.”

Akaleta. Nikamuonyesha kidole kinakaa wapi, chini ya kidole gumba cha mutoto. Nikampa dada yake saa ya Shaabani. Mwantum amelala kwenye mukeka, Adija anahesabu kwa midomo. Sabini na nane. Kisha nikamwambia mutoto, kaa. Teremsha. Kaza. Simama. Akasimama katikati ya ua, wanawake kumi na moja wanamutazama, mafuta yanaungua hakuna anayegeuza maandazi. Adija ameshika mukono wake. Dakika tano za kungoja. Kisha shanga zikaanza kutembea, zikatembea mbio, nikaona jicho la Adija linatoka kwenye saa linakwenda kwenye uso wa mutoto. Shanga zikakwisha. Bado mushale haujafika. Akaendelea na mzunguko wa pili.

“Kaa, mutoto,” Adija akasema kabla ya dakika kwisha. “Kaa, kaa, kaa chini!”

Ameshika tasbihi kama imemuchoma.

“Inapiga hivyo kila siku?”

“Kila akisimama.”

“Na siku ile aliniletea chai?”

“Zaidi ya hivyo.”

Akafikiri. Kisha akasema wazi, Adija hafichi: “Mama Shaabani, mi nina nyumba kubwa na duka. Nataka mukamwana wa kusimama. Sitakudanganya.”

“Sikuja kukuomba umuchukue. Nimekuja uache kumusema.”

Tukaondoka. Njiani nilimuuliza Mwantum habari ya miguu tu. Mengine sikumuuliza.

Ijumaa, 31 Januari

Hakuna habari kutoka avenyu ya kumi na moja. 75, 121. Chupa nne.

Alhamisi, 6 Februari

Hakuna habari. Mvua. 110. Majirani wawili wamekuja na tasbihi zao kumuhesabu. Nikawafukuza, kisha nikawarudisha. Wahesabu wenyewe.

Jumanne, 11 Februari

104. Rachidi amepita mbele ya nyumba mara mbili na baiskeli, kana kwamba hii ndiyo njia ya kwenda popote. Nikajifanya sikumuona.

Jumamosi, 15 Februari

Idi. Mwantum amevaa nguo ya kijani. Amesalimu wageni amekaa, na kila mumoja nilimuambia kabla hajafungua mudomo: amekaa kwa amri ya daktari. 99.

Jumatatu, 17 Februari

Adija amekuja. Hakutaka chai. Alikuwa na kamba mukononi.

“Mutoto wako akikaa, kutoka chini mpaka gotini ana urefu gani?”

“Kwa nini?”

“Fundi seremala anauliza. Jiko langu ni la kusimama, moto uko juu. Nimemwambia anitengenezee kiti kirefu chenye mahali pa kuweka miguu. Anataka kipimo, kesho anakata mbao.”

Nikamuita Mwantum. Adija akapiga magoti kwenye sakafu yangu, mwanamke mukubwa vile, akapima goti la mutoto kwa kamba, akafunga fundo.

“Atapika amekaa,” nikasema, ili isije ikageuka baadaye.

“Na mi nitakula nimekaa,” Adija akajibu. “Chumvi nyingi, nimesikia. Tutakuwa na kiu sisi wote.”

Jumamosi, 7 Machi

Nikaha imesomwa. Nimechoka. Mwantum muzuri kuliko wote, amekaa. Kaye naifunga hapa.

Alhamisi, 19 Machi

Nilisema kaye nimeifunga. Nafungua kwa leo.

Mvua ya masika inapiga mabati, Adija akaingia amelowa, ananifokea kabla ya salamu. Jana shangazi wa Rachidi alifika, akamwambia mukamwana aje asimame naye dukani, amusaidie. Mwantum akaenda. Akasimama saa nzima. Hakusema kitu. Akaanguka kati ya magunia.

“Si kuanguka kunakoniudhi!” Adija anafoka. “Miguu nilinyanyua, maji nikampa, najua. Kinachoniudhi hasemi! Neno moja tu, shangazi, siwezi, na ningemtoa yule shangazi kwa fimbo. Anaanguka kimya kama gunia. Nani alimufundisha kunyamaza hivyo?”

Nilitaka kumujibu vikali. 

“Mi,” nikasema.

“Basi vaa viatu uje umufundishe kusema.”

Tukaenda kwenye mvua, wawili chini ya mwamvuli mumoja, wa Adija. Mutoto alikuwa kitandani, matofali yamewekwa vizuri, nilikagua. Nikakaa pembeni.

“Mwantum, kuanzia leo kitu kikikuuma, unasema. Hata kama aliyekuuma ni mukubwa. Sema sasa, nisikie.”

“Niseme nini, Bibi?”

“Lolote. Chochote kilichokuuma.”

Akatazama bandi zake. Adija amesimama mulangoni, hakuondoka, na mi sikumwambia aondoke.

“Siku ile kwenye robine,” Mwantum akasema, “uliposema kama si uvivu ni mimba. Nilikuwa nyuma yako. Nilikuwa nimekuja kukusaidia maji.”

Tangu mwezi wa kumi na moja. Siku zote hizi nikiushika mukono wake, nikihesabu, yeye anajua.

“Endelea, mutoto,” Adija akasema. “Sema yote.”

Akasema yote. Ilichukua muda. Ndoo ilikuwepo, vikombe, na mambo ya tangu akiwa na miaka sita ambayo mi nilidhani watoto hawayakumbuki. Sikumukatiza hata mara moja. Asiyeamini amuulize Adija.